Harufu ya karafuu Okayama

Mzee alipouchomoa upanga alani, aliushika makali yakitazama juu, akauinamia, kisha akaniashiria nisiseme. Pumzi ina unyevu, na chembe ya mate ikiangukia chuma kile huacha doa. Ilikuwa majira ya baridi ya 2015. Nilikuwa nasoma Okayama, Japani, na yeye alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyemaliza karibu akiba yake yote kwa kununua panga za kale.

Akausogeza chini ya taa. Kandokando ya makali ukatokea mstari mweupe unaoyumba, kama povu linalobaki mchangani maji yakipwa. Mhunzi huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni, akauchoma mpaka uive, akauzamisha majini. Makali hupoa ghafla yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu, ukabaki na ulaini wa kustahimili pigo. Pale vinapokutana ndipo palipo ule mstari. Niliutazama sijui kwa muda gani.

Kisha akakigonga kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini kwa kinyundo cha shaba, kikatoka. Akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akaupiga mkono huo ngumi mbili, upanga ukalegea. Sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya mpini ilikuwa na kutu nyeusi tii, na juu yake herufi: Sukesada wa Osafune. Osafune kiko mkoa uleule, kijiji kilichokuwa kimejaa wahunzi zamani, na jina la Sukesada walilitumia wengi wao.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Kwetu panga likishika kutu hupigwa msasa. Nikamwambia ninao msasa, nitamsugulia.

Mzee akaifunika ile kutu kwa kiganja, kama anayemkinga mtoto na jua. Hakunikaripia.

"Hii ndiyo miaka yake," akasema. "Ukiisugua, nani atajua upanga ulizaliwa lini?"

Wajuzi huukadiria umri wa upanga kwa rangi ya kutu hiyo, na anayeisafisha ameuharibu. Niliona haya, nikainamisha kichwa.

Ubapa wenyewe, hata hivyo, hauachwi ushike kutu. Aliufuta kwa karatasi laini, akaugongagonga kwa kijifuko cha unga wa jiwe la kunolea, akaufuta tena. Ndipo akafungua kichupa cha mafuta.

Karafuu! Chumba kizima kilinuka majamvi ya kwetu wakati wa mavuno, na kile kiwanda cha makonyo cha Chake Chake. Machozi yalinilenga. Mzee akashtuka, akadhani bado nawaza habari ya msasa.

"Choji," akasema, akionyesha kichupa. Ndilo jina la karafuu kwa Kijapani, na tangu zamani panga hupakwa mafuta yenye harufu yake.

Nilimpigia mama usiku uleule. Kifurushi kilipofika, nilimpelekea mzee konzi ya karafuu kavu za shambani kwetu. Alizimwaga juu ya kitambaa cheupe alichokuwa akiwekea panga zake, akaokota moja, akaigeuzageuza chini ya taa ileile, akiitazama kutoka kikonyo mpaka kichwa, bila kusema neno.