Onyesho Limekwisha, Uhakiki Umebaki

Ule ubishi wetu wa siku zote umeanza upya wiki hii, sisi wapenzi wa tamthilia: je, mhakiki ana haki ya kumponda mwigizaji kwa maneno makali? Safari hii aliyepondwa ni binti anayeanza kazi. Jina lake silitaji, wala la aliyemwandika, maana wote wawili wameshasemwa vya kutosha. Kuna wanaosema tiketi ni pesa, na anayelipa ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajaingia ukumbini. Kuna wanaosema mwigizaji ni mtu, ana moyo, na kesho jioni anatakiwa kusimama palepale mbele za watu na kusema maneno yaleyale yaliyochekwa jana gazetini.

Nawaelewa wote. Lakini kila tukibishana naona kuna jambo tunaliruka, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Filamu ikipondwa, filamu yenyewe inabaki. Mtu anaweza kuitazama miaka 30 baadaye akasema, jamani, huyu alionewa. Mwigizaji wa jukwaani hana bahati hiyo. Pazia likifungwa, kazi yake imekwenda. Zinabaki picha chache, na yanabaki maandishi ya mhakiki. Huyo mhakiki sasa ni hakimu na ni shahidi kwa pamoja, na ukitaka kukata rufaa huna ushahidi wa kupeleka.

Chukua habari ya mwigizaji wa Marekani, Katharine Hepburn. Mwishoni mwa 1933, akiwa na miaka 26, aliigiza Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, katika tamthilia iitwayo The Lake. Mwandishi Dorothy Parker ndiye anayetajwa kuwa alisema kwamba Hepburn alionyesha hisia za kila namna, kuanzia A hadi B. Imepita karibu karne nzima na maneno hayo bado yanasambaa, wakati tamthilia yenyewe hakuna anayeikumbuka. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Hayasemi kama sauti yake ilikuwa nyembamba mno, au mikono yake haikujua pa kwenda, au alizidiwa katika tukio fulani. Yanachekesha, basi. Hepburn baadaye alipata tuzo 4 za Oscar kwa uigizaji wake, kwa hiyo filamu zilimtetea. Nawafikiria wale ambao hawakuwahi kupata filamu yoyote ya kuwatetea, na wamebaki katika kumbukumbu kwa sentensi moja ya kejeli.

Anayeniuma zaidi ni Kenneth Tynan, mhakiki wa gazeti la Observer la Uingereza, kwa sababu yeye alikuwa na uwezo wa kufanya vingine. Tynan alijua kutazama. Mwaka 1959 mwigizaji Laurence Olivier aliigiza Coriolanus, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, kule Stratford-upon-Avon, Uingereza, na katika tukio la kifo alijirusha kutoka sehemu iliyoinuka juu ya jukwaa, akadakwa vifundo vya miguu, akabaki ananing'inia kichwa chini. Mimi sikuwepo, wala hakuna filamu ya onyesho lile niliyoitazama. Lakini naiona ile miguu iliyoshikwa na ule mwili unaoning'inia, kwa sababu walioandika, Tynan akiwa mmojawapo, walieleza kilichotokea. Kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomwandama mwigizaji Vivien Leigh. Mwaka 1955, palepale Stratford, Leigh aliigiza na Olivier, aliyekuwa mumewe. Alikuwa Lady Macbeth katika Macbeth ya Shakespeare, na katika Titus Andronicus, pia ya Shakespeare, alikuwa Lavinia, binti anayetendewa ukatili usiosemeka. Tynan alimfanyia Lavinia wake mzaha ambao bado unanukuliwa. Leigh alikuwa akiishi na ugonjwa wa akili miaka hiyo yote, na baadaye Tynan alikuja kukiri kwamba alikosea kuhusu Lady Macbeth yake. Kukiri ni jambo jema. Lakini mzaha ndio unaoendelea kunukuliwa, na anayetaka kujua Leigh alifanya nini hasa na mikono yake, macho yake na pumzi yake, hana pa kuyapata katika mzaha ule.

Kwa hiyo ukali wenyewe haunisumbui. Mhakiki akiniambia kwamba mwigizaji aliharakisha hotuba ya mwisho hadi maneno ya kuomba msamaha yakapita kama tangazo la abiria, ameniambia kitu kikali na amenipa ushahidi. Naweza kwenda kesho nikasikiliza hotuba hiyo nikamkatalia. Akiniambia mwigizaji "hana kipaji", nimkatalie kwa lipi?

Halafu kuna suala la nani hasa alikosea. Watazamaji wengi hawalifikirii, na nahofia baadhi ya wahakiki pia hawalifikirii. Niliwahi kukaa viti vya mbele kumtazama mwigizaji aliyekuwa ameandikwa kwamba hasikiki. Kweli, siri kubwa ya mchezo mzima ilitoka kinywani mwake bila kutufikia. Lakini nilimwangalia vizuri. Wakati anaitamka alikuwa ametupa mgongo, anatembea kuelekea mlango wa nyuma ya jukwaa, na muziki ulikuwa unapanda juu ya sauti yake. Mwigizaji hajipangi mwenyewe kutembea kuelekea mlangoni katika sentensi muhimu kuliko zote. Mwongozaji ndiye anayeamua hayo, wiki nyingi kabla, kwenye mazoezi. Muziki nao una mtu wake. Mwigizaji yuko mbele yetu na taa inammulika, basi lawama zote zinamwangukia yeye. Mhakiki anaona matokeo tu na hakuwepo mazoezini. Haki ingekuwa aseme "hakusikika alipogeuka", kisha amwachie msomaji kujiuliza nani alimgeuza.

Kuhusu miili ya waigizaji sina subira hata kidogo. Mwaka 2014 mwimbaji wa opera Tara Erraught aliimba katika opera ya Der Rosenkavalier kwenye tamasha la Glyndebourne, Uingereza, na wahakiki kadhaa wa magazeti makubwa ya Uingereza wakaacha sauti yake wakaandika unene wake. Mwaka 2018 Nicola Coughlan, aliyekuwa akiigiza katika ukumbi wa Donmar jijini London, naye alikuta mwili wake umeingizwa kwenye uhakiki, akajitokeza kuandika hadharani kwamba waigizaji wahukumiwe kwa kazi yao. Wenzangu wengine husema sura na umbo ni sehemu ya jukwaa. Sawa, lakini mwigizaji hawezi kubadilisha umbo kati ya Ijumaa na Jumamosi, na wala si kosa la kuigiza.

Jambo jingine ni wakati wenyewe wa kuhakiki. Kwa desturi, wahakiki wengi huja onyesho la ufunguzi au siku zinazolizunguka, wakati waigizaji wanatetemeka kuliko watakavyotetemeka msimu mzima. Mwezi Oktoba 1896, Chaika, tamthilia ya mwandishi Mrusi Anton Chekhov, ilipooneshwa mara ya kwanza St. Petersburg, hadhira ilizomea na kucheka, na mwigizaji Vera Komissarzhevskaya, aliyemwigiza msichana Nina, alibabaika mbele ya uadui ule hadi sauti ikamponyoka. Maonyesho yaliyofuata yalipokelewa vizuri zaidi, na miaka miwili baadaye mchezo huohuo ulishangiliwa Moscow. Lakini usiku wa kwanza ndio uliojulikana, na Chekhov aliondoka akiapa kutoandika tena tamthilia. Ningependa sana kuona mhakiki anarudi katikati ya msimu, angalau pale alipomkaripia mtu kwa jina. Najua magazeti hayana nafasi ya kuhakiki mara mbili. Bado ningependa.

Haya yote nilimweleza juzi rafiki yangu ambaye ni mwigizaji, nikitarajia aniunge mkono. Hakuniunga. Alisema uhakiki unaoeleza kwa undani ndio unaomharibia zaidi. Akiandikwa kwamba alikuwa mbaya, anakasirika, analala, kesho anafanya kazi. Lakini akiandikwa kwamba namna anavyoishika barua kabla ya kuifungua ni nzuri mno, kesho mkono ukigusa barua anajiona, na tukio limekufa. Sifa au lawama, ni mamoja. Kitu alichokuwa anakifanya bila kujua, sasa anakijua, na hakirudi tena.

Nilinyamaza kidogo kwa sababu sikuwahi kulifikiria hilo. Kisha nikamwambia kwamba basi uhakiki si wake. Ni wa yule anayetafuta kujua aende au asiende, na ni wa yule atakayezaliwa baada yetu, atake kujua barua ilishikwaje. Kwa hao wawili, undani ni lazima, hata kama unamuumiza aliyeshika barua. Akaniuliza kwa nini alipie yeye deni la mtu ambaye hajazaliwa. Nikasema asisome mpaka msimu uishe. Akasema hata asiposoma, wenzake kwenye chumba cha kuvalia wamesoma, na wakiwa wapole kwake kupita kawaida anajua tayari kilichoandikwa.

Hatukuafikiana. Ana maonyesho hadi mwisho wa mwezi na ameniomba tusiguse tena mada hii mpaka hapo, nami nimekubali.