Usiku Chaneli 2 Ilipokesha na Roxbury

Chaneli 2 ya Boston, Marekani, haikuwa chaneli ya mtaa wetu. Jina lake ni WGBH, kituo kisichorusha matangazo ya biashara, na miaka ile ukikifungua ulikuta mhadhara wa profesa, au okestra ya Boston Symphony, au Julia Child akifundisha mapishi ya Kifaransa. Novemba 1967 Rais Johnson alikuwa ametia saini sheria ya utangazaji wa umma, na vituo vya namna hiyo vikaanza kuitwa televisheni ya umma. Lakini Roxbury, mtaa wa watu weusi nilikopanga chumba nikiwa mwanafunzi, hatukujihesabu kuwa ndani ya umma huo. Mama mwenye nyumba alipozungusha swichi ya chaneli, namba 2 aliipita bila kusimama.

Mimi nilitoka Tanga. Kwetu tulikuwa na redio tu, na Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994. Kwa hiyo seti ile ya sebuleni, kubwa kama kabati, picha yake nyeusi na nyeupe, niliitazama bila kuchoka, hata ilipojaa chenga.

Alhamisi tarehe 4 Aprili 1968, jioni, Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za watu weusi, akauawa kwa risasi mjini Memphis. Habari ilitufikia tukiwa mezani. Mama mwenye nyumba aliweka kijiko chini, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Tuliobaki hatukula tena.

Watu wengi hawajui kwamba King alikuwa mtu wa Boston pia. Alisomea shahada ya udaktari ya theolojia Chuo Kikuu cha Boston, akahitimu 1955. Alihubiri katika kanisa la Twelfth Baptist hapo hapo Roxbury. Coretta, mkewe, walikutana Boston, binti huyo akisomea muziki. Na Aprili 1965 King aliongoza maandamano kutoka Roxbury hadi bustani ya Boston Common, na Mama alikuwamo, kwa miguu, na viatu vyake vya kanisani. Kwa hiyo msiba ule haukuwa wa kusikia kwa mbali. Mama alikuwa amefiwa.

Usiku huo vioo vilivunjwa Blue Hill Avenue na ving'ora vikalia hadi alfajiri. Kiangazi kilichotangulia, Juni 1967, mtaa ulikuwa umewaka fujo kwa siku kadhaa, na kila mtu mzima alijua kitakachofuata kama hakuna atakayekizuia.

Mama alikuwa na wajukuu wawili wa kiume aliokuwa akiwalea, na wote wawili walikuwa na tiketi za onyesho la James Brown, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa soul, Ijumaa ile ile, katika ukumbi wa Boston Garden. Asubuhi ikasemwa onyesho limefutwa. Mchana ikasemwa lipo. Baadaye ikasemwa lipo na litaonyeshwa kwenye televisheni moja kwa moja, bure, Chaneli 2! Wajukuu walidhani bibi yao amelitunga hilo ili wasitoke nyumbani.

Nyuma ya pazia mambo yalikwenda hivi. Onyesho lilikuwa limekwisha kufutwa kwa kuogopa fujo. Tom Atkins, diwani pekee mweusi katika baraza la jiji, akamwona meya, Kevin White, akamweleza hatari ilipo: maelfu ya vijana wenye uchungu watafika katikati ya jiji na kukuta milango imefungwa. Onyesho liachwe lifanyike, na televisheni iwabakize wengine nyumbani. Ikabaki fedha, kwa sababu watu wakishajua watatazama bure watarudisha tiketi, na James Brown ana bendi ya kulipa. Jiji likaahidi kumfidia dola 60,000. WGBH ikakubali kurusha, na mafundi waliozoea kupiga picha wapiga fidla wakapeleka kamera zao kwa James Brown siku hiyo hiyo.

"Hakuna anayetoka," Mama alisema. "Na wewe mwanangu, kawaite wa ghorofa ya juu."

Nikawaita. Wakaja na watoto, wakaja na viti. Jirani mmoja alileta sinia la kuku wa kukaanga, mwingine makaroni ya jibini. Wazee walikaa kwenye makochi, vijana sakafuni, akina mama wakajazana karibu na jikoni. Nilipotazama sebule ile nilijiona niko kwetu, kwenye matanga. Tangu nifike Marekani sikuwahi kukaa na watu kwa namna hiyo, bega kwa bega, bila kuulizwa natoka wapi.

Picha ikaja. Atkins akazungumza, kisha James Brown akamkaribisha meya kwa maneno ya vijana, ya kumsifu. Meya alikuwa kijana bado, uso umemkauka. Aliwaomba watu wa Boston, waliomo ukumbini na walioko nyumbani, wamheshimu Dk. King kwa kukaa kwa amani. Mzee mmoja wa kwetu alikunja mikono kifuani, hakuikunjua mpaka meya alipomaliza. Nilimwelewa. Ila nilielewa pia uzito wa lile nililoliona: mkuu wa jiji la wazungu amesimama pembeni ya mwimbaji mweusi, anamhitaji, na jiji zima linaona.

Ukumbi uliokuwa ukichukua watu zaidi ya 13,000 ulikuwa na kama 2,000 tu. Wengine wote walikuwa kama sisi, mbele ya seti. James Brown aliimba kama vile ukumbi umejaa. Jasho lilimtiririka, na alipopiga magoti wakamfunika joho, akalitupa na kurudi kwenye kipaza sauti, vijana wetu sakafuni walipiga kelele hadi Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Karibu na mwisho kijana mmoja aliruka jukwaani. Askari akamsukuma akaanguka. Wakaruka wengine, askari wakasogea mbele. Sebuleni hakuna aliyepumua. Tulijua kabisa kwamba yakizuka mapigano pale, yatazuka na mtaani kwetu dakika hiyo hiyo, kwa sababu kila nyumba ilikuwa inatazama. James Brown akawaambia askari warudi nyuma, yeye ataliweza. Akawashika mikono vijana, akawaomba washuke, akawaambia wajiheshimu na wasiwaaibishe watu weusi, akauliza kama tuko pamoja au hatuko. Mama alikuwa amesimama wima. "Tuko pamoja," aliijibu televisheni, kwa sauti. Vijana wakashuka. Muziki ukaendelea.

Onyesho lilipokwisha, WGBH ikalirudisha tena lote tangu mwanzo. Hakuna aliyeondoka. Wajukuu wakaanza kucheza katikati ya sebule, na yule mzee aliyekunja mikono akapiga makofi.

Usiku huo Washington na Chicago ziliungua. Boston haikuungua. Wengi humpa James Brown sifa yote, na anastahili nyingi. Lakini nilikuwepo, na nasema wazi kwamba wako wazee na vijana wa Roxbury waliozunguka mitaani usiku wakiwatuliza wenzao, na wako akina mama kama mwenye nyumba wangu waliosema hakuna anayetoka. Na kilikuwepo kituo kilichofungua mawimbi yake kwa watu ambao hakikuwa kimewazoea.

Hakikuyafunga baada ya hapo. Julai ya mwaka ule WGBH ilianzisha kipindi cha watu weusi wa Boston, kilichotengenezwa na weusi wenyewe, kikaitwa Say Brother. Wiki ya kwanza Mama alinituma tena ghorofa ya juu kuwaita majirani.