Jipu gani la mwaka mzima?

Nilianza kukaa upande upande kwenye kigoda changu pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, miezi mingi kabla sijamwambia mtu. Kazi yangu ni kupima dagaa tangu alfajiri, na kila nikiinama kuchota nilihisi kitu laini kimejaa kwenye shavu la uke, upande wa kulia. Hakikuuma. Ndiyo maana nilikiacha. Sokoni kwetu kisichouma kinasubiri zamu yake.

Kilipofikia ukubwa wa limau nilikwenda zahanati moja, siitaji. Wakatazama mara moja: tezi ya Bartholini, ile inayolainisha uke, imeziba, imetunga usaha. Dawa za siku saba. Nikarudi, dawa nyingine. Mara ya tatu wakapasua, na hakikutoka kitu ila damu. Yule mhudumu akanyamaza, akabandika bandeji, akasema nikakande kwa maji ya moto. Hapo nilipaswa kushtuka, nami kwa aibu nikashukuru tu kwamba nimeruhusiwa kuvaa nguo.

Aliyenitoa usingizini ni shangazi. "Mwanangu, jipu gani la mwaka mzima, halina homa, halina joto, halitoi usaha?" Kesho yake tukapanda hospitali ya Bugando.

Daktari, mama wa makamo, aliniuliza yale ambayo hakuna aliyeniuliza: kilianza lini, kinakua haraka, kinaongezeka nikisimama? Akaweka vidole. "Kohoa, dada." Nikakohoa. "Tena, kwa nguvu." Alikuwa anatafuta ngiri, maana utumbo unaweza kushuka kupitia kinena hadi huko, na ukikohoa unasukuma vidole. Hakuna kilichosukuma. Akanieleza kuwa tezi ya Bartholini iko chini, kwa nyuma, karibu na mlango wa uke. Changu kilikaa juu zaidi, ndani ya shavu lenyewe. Utrasaundi ikamaliza ubishi: si maji wala usaha, ni nyama, na damu inapita ndani yake.

"Hiki sikitoboi," akasema. "Nakitoa kizima, kiende maabara."

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia, ganzi ya mgongoni na baridi kali. Kilichonikaa ni kikopo. Shangazi alikileta kitandani nikione kabla hajakipeleka: kinyama cha mviringo, rangi ya waridi iliyofifia, kimezama kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, yenye harufu inayochoma macho hata kwa mtu aliyezoea dagaa. Alisoma jina langu kwenye lebo herufi kwa herufi, umri, upande wa kulia, ndipo akaondoka nacho amekishika kwa mikono miwili kama chungu cha moto.

Wiki tatu za kungoja sikulala vizuri. Neno nililoliogopa sina haja ya kulitaja.

Majibu yakaja na jina refu: anjiomayofibroblastoma. Si saratani. Daktari alinichorea kwenye karatasi: chembe zimejikusanya kuzunguka vimishipa vidogo vya damu, na uvimbe una mpaka wake, haukuchimba pembeni. Huo mpaka ndio aliokuwa anautafuta, kwa sababu uvimbe huu una ndugu, anjiomiksoma vamizi, anayefanana nao kwa nje lakini hupenya hadi ndani ya nyonga na hupenda kurudi hata baada ya kukatwa. Kwa macho au kwa vidole huwezi kuwatenganisha kwa uhakika, inahitaji hadubini. Nikafikiria ile siku ya kupasuliwa zahanati. Hawakuchukua hata kipande.

Akanichekesha kwamba jina hilo lilianza kutumika mwaka 1992. Nimelizidi miaka minne.

Aina yangu hurudi kwa nadra, hata hivyo miezi sita baadaye nilikwenda kukaguliwa. Safari hii nilipanda kitandani bila kusukumwa, na alipoanza kubonyeza nikakohoa kabla hajasema. Alicheka hadi nesi akachungulia.