Netiboli bila foleni: nilivyowafundisha watoto kusoma mchezo

Darasa letu la tano lina watoto wengi, mipira michache na uwanja mmoja wa netiboli. Kipindi cha michezo kilikuwa foleni mbili zinazotazamana: rusha pasi ya kifua, kimbia nyuma, subiri zamu. Pasi zilinyooka vizuri. Siku ya mechi wote walirundikana kwa mwenye mpira wakipiga kelele, "Nipe! Nipe!"

Kilichonibadilisha ni hoja ya Bunker na Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliyoiandika mwaka 1982: mtoto aanze na mchezo, autambue ugumu wake, ndipo afundishwe ufundi anaouhitaji. Netiboli inaifaa sana hoja hiyo. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na ana sekunde 3 tu za kuushika, kwa hiyo mechi huamuliwa na wale wasio na mpira.

Nikaachana na pete za kufungia mabao kwa muda. Kwa majivu nilichora viboksi vya hatua kama 8 kila upande, watoto watatu wakipasiana na mmoja akikaba. Pasi tano mfululizo, bao moja. Mipira ya makaratasi yaliyofungwa kamba ilitosha, na darasa zima likacheza kwa wakati mmoja.

Kazi yangu ikawa filimbi na maswali. "Kila mtu asimame alipo! Wewe, mpira ukirushwa sasa hivi utakufikia?" Binti mmoja, mkimya sana darasani, akatazama. "Hapana mwalimu, huyu atauchukua." Akasogea pembeni hatua mbili. Nikapuliza filimbi mchezo uendelee, bila kuongeza neno. Kunyamaza huko ndiko kulikonitesa, maana jibu unaliona na mdomo unakuwasha.

Tulipofika watatu kwa watatu, kila mtu akiwa na wa kumkaba, msongamano ulirudi. Nikawauliza kuhusu rede, ambayo wanaicheza kila mapumziko: ukiwa kati, unamkwepaje mrushaji? "Naenda kulia uongo uongo, halafu nageuka kushoto!" Basi fanyeni hivyo hivyo hapa. Walikuwa na ujuzi huo siku zote, ila hakuna aliyewaambia kwamba unaruhusiwa kwenye netiboli.

Ufundi waliudai wenyewe. Walipoanza kumwona mwenzao aliye huru mbali, pasi zikawa zinaanguka njiani, wakaja kuuliza namna ya kurusha. Somo la pasi ya juu likachukua dakika chache.

Mwalimu mwenzangu hakuridhika. "Hawa wanacheza tu, mazoezi yako wapi?" Nilimwomba amfuatilie mtoto mmoja na kuhesabu anavyogusa mpira, alinganishe na enzi za foleni. Alihesabu, akacheka, ila kwenye kufunga alinibana, na ana haki: kulenga pete kunataka kurudia sana. Kwa hiyo pete ziliporudi nilitenga kona ya wafungaji kurusha peke yao kila mwisho wa kipindi.

Sasa wavulana wanataka soka lao lifundishwe hivyo hivyo. Huko mwenye mpira anaweza kukimbia nao, na mwenye chenga haoni sababu ya kumtafuta mwenzake. Nimeweka sharti la kugusa mara mbili tu kabla ya kupasia. Wanalalamika, lakini wameanza kuinua vichwa kabla mpira haujawafikia.