Tulivyopima safari ya usiku kwa saa ya simu

"Kusanyeni sahihi." Ndivyo alivyotuambia kila aliyejiona mjuzi, siku tuliposikia kwamba idara ya afya ya jiji inataka kufunga vituo vitatu vya huduma ya haraka mitaani na kuweka kimoja tu kipya, ndani ya hospitali kuu. Tukakusanya. Wiki tatu nilipita mlango kwa mlango nikitoka kazini, tukafikisha sahihi mia tisa na kitu, nikazipeleka mwenyewe. Ofisa aliyezipokea akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba karatasi zote zile zitahesabiwa kama jibu moja, kwa kuwa maneno ni yale yale.

Jibu moja! Hasira ile ilinikaa siku kadhaa. Katika wote waliotushauri, hakuna aliyekuwa amefungua mpango wenyewe akausoma, na siku za kutoa maoni zilikuwa zinakwisha.

Basi nikausoma, kurasa zote, mara mbili. Dodoso lao lilikuwa na maswali ya namna hii: je, unakubali wagonjwa wapate huduma bora zaidi mahali pamoja? Nani atakataa huduma bora? Swali la kama vituo vibaki vilivyo halikuwapo popote. Ila mwishoni palikuwa na nafasi ya "Maoni mengine". Ukikutana na dodoso la aina hiyo, hapo ndipo pa kuweka nguvu zako. Ongeza karatasi wakiruhusu, na sisi waliruhusu.

Kilichonishtua zaidi ni sentensi moja: mkazi wa kawaida atafika kituo kipya kwa wastani wa dakika 20. Nikatafuta hizo dakika zimetoka wapi. Zilikuwa katika kiambatisho, kwa maandishi madogo: safari ya gari binafsi, mchana. Mtaani kwetu wenye magari wanahesabika, na homa ya mtoto hupanda usiku.

Hapo ndipo likanijia wazo ambalo mpaka leo naliona ndilo bora nililowahi kulitoa mbele za watu. Nikawaita majirani, tukapatikana tisa, nikawaambia: twendeni. Kila mmoja aende kituo kipya kutoka mlangoni kwake, kwa saa ambayo yeye angeugua, na namna ambayo yeye angesafiri. Unabonyeza saa ya simu unapofunga mlango, unaisimamisha unapofika dirisha la mapokezi. Si getini. Geti la hospitali kuu liko mbali na mapokezi, na hilo hakuna aliyekuwa amelihesabu.

Mama jirani yangu alitoka Jumapili jioni na mwanawe mgongoni: mabasi mawili, na la pili alilingoja kituoni gizani. Dakika 71. Mzee mmoja anayetembelea fimbo alikataa kabisa nimsindikize. Alisema akiugua sitakuwapo, kwa hiyo apimwe peke yake. Alitumia dakika 84, na alipumzika njiani mara tatu, kila pumziko ameliandika. Mimi nilikwenda saa 7 usiku. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita, nikatembea mpaka nilipopata teksi. Tulimweka hata mwenye gari mmoja, ili tusionekane tunachagua: dakika 24. Kwake yeye mpango ulikuwa karibu na ukweli, nasi tukaandika hivyo. Gharama yote ilikuwa nauli zetu na fotokopi.

Kila mmoja akajaza dodoso lake kwa mkono wake na kwa maneno yake. Hayo yakawa majibu tisa.

Katika mkutano wa hadhara daktari mmoja alisimama akatuambia kwamba London waliunganisha huduma za kiharusi mwaka 2010 na vifo vikapungua. Ukumbi ukanyamaza. Nilikuwa nimelisoma hilo, nikamjibu kwa heshima kwamba ni kweli. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji picha ya ubongo upesi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo ni heri apelekwe moja kwa moja penye mashine na mabingwa. London walichagua hospitali 8 za kazi hiyo. Lakini wagonjwa wale hupelekwa na gari la wagonjwa, na waliopanga walijiwekea sharti kwamba gari hilo lisitumie zaidi ya dakika 30 kufika. Nikauliza: ninyi sharti lenu la dakika ni lipi, kwa mtu asiye na gari? Na mtoto mwenye homa, aliyejikata kisu, mwenye pumu aliyeishiwa dawa, hao wakikosa pa kwenda karibu si watajaa kwenye foleni ile ile ya hospitali kuu? Yule daktari aliniangalia, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilimheshimu kwa hilo.

Usiende mkutanoni kupinga kila kitu. Kubali lililo kweli, utasikilizwa kwenye lililobaki.

Uamuzi ulipotoka, vituo viwili vilifungwa, na hilo bado linaniuma. Cha tatu, kilicho mbali zaidi na hospitali kuu, kimebaki, na sasa kinafungwa saa 6 usiku badala ya saa 4. Mpango mpya una jedwali la muda wa safari kwa wasio na magari, wakati ule wa kwanza haukuwa nalo. Mstari wa pili umeandikwa dakika 71, Jumapili jioni, mtu mzima na mtoto. Nilimpelekea mama jirani ukurasa ule, naye ameubandika nyuma ya mlango wake.