Nilivyounda na kupaka rangi Martlet ya 1/144 katika unyevu wa Mombasa

Martlet ni ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, nami niliunda modeli yake ndogo ya plastiki. Mabawa ya Martlet halisi yana mita 11.58 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/144, yaani modeli ndogo mara 144 kuliko ndege halisi, yanabaki milimita 80. Niliichagua ndege hii kwa sababu inahusiana na pwani yetu: mwaka 1942 kikosi cha Mashariki cha jeshi la maji la Uingereza kilihamia Kilindini, na Martlet zilikuwamo katika manowari yake ya kubebea ndege, HMS Formidable.

Kwa udogo huu adui ni unene. Tabaka la rangi la milimita 0.1 ni sawa na kuipiga ndege halisi lipu ya milimita 14. Mistari ya mabati huzibika na kingo za mabawa huvimba. Karibu kila uamuzi wangu ulitokana na hesabu hiyo.

Kila kipande hukikata mara mbili kutoka kwenye fremu yake ya plastiki: kwanza mbali kidogo, kisha kishina kinachobaki nakimaliza kwa wembe mpya. Ukikata karibu kwa mara moja, plastiki hunyofoka na kuacha kishimo. Hufuata msasa namba 600, halafu 1000, wenye maji. Baada ya hapo naosha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na kwa joto letu jasho la vidole huongezeka juu yake. Tangu hapo navishika kwa kibanio tu.

Gundi ya plastiki ya majimaji ndiyo bora, kwa sababu huyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Unakutanisha vipande kwanza, unagusa ungio kwa ncha ya brashi, gundi inajivuta yenyewe ndani. Super glue naitumia kwa miguu ya matairi pekee. Isikaribie kioo cha rubani: mvuke wake hushika unyevu wa hewa na kuacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Kwa kioo inatosha gundi nyeupe ya mbao.

Sasa rangi, na hapa ndipo Mombasa inapodai heshima. Rangi yenye thina kali hukauka upesi, uso unapoa, mvuke wa hewa unaganda juu yake, na rangi inapauka kama imemwagiwa chaki. Msimu wa masika hali huwa mbaya zaidi. Mimi hupuliza kwa bunduki ndogo ya rangi (airbrush) kati ya saa sita na saa tisa mchana, hewa inapokuwa kavu kuliko asubuhi, feni ikiwa imezimwa kwa sababu ya vumbi. Kompresa lazima iwe na kichungi cha maji, la sivyo itatema matone juu ya bawa. Na thina ya magari usiiguse, inakula plastiki.

Nilitumia akriliki, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 1 ya kiyeyushi chake, presha ya psi 15, ncha ya milimita 0.2, umbali wa sentimita 5 hivi. Matabaka matatu hafifu, la kwanza likiwa kama vumbi tu. Rangi ikikauka kwenye sindano, ongeza tone la kichelewesha ukavu, usiongeze presha. Tumbo lilitangulia, kwa kijani hafifu kiitwacho Sky, kisha kijivu cha bahari kilichokoza, kisha kijivu chenye ukijani. Vijivu vyote viwili nilivipunguza ukali, tone 1 la nyeupe kwa matone 8, kwani kitu kidogo kikipakwa rangi halisi huonekana cheusi mno.

Mpaka wa madoa ya kijivu niliuacha mkali, kwa brashi namba 000. Hata kama kwenye ndege halisi ungefifia kwa sentimita 5, hapa hizo ni milimita 0.35, jicho haliuoni ufifiaji huo.

Alama za kubandika kwa maji zinataka uso unaong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake na ukingo hubaki na mng'ao wa fedha. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, alama sekunde 20 majini, kisha zipumzike juu ya karatasi mpaka ziteleze zenyewe. Ziache zikauke usiku kucha kabla ya vanishi isiyong'aa, nayo ipulizwe mchana uleule mkavu. Rafadha (propela) na nguzo ya antena hubandikwa mwisho kabisa, maana ndizo zinazovunjika kila modeli inapogeuzwa mkononi.