Chokaa, chumvi na upepo wa kusi

Upepo wa kusi umeshika hapa Pwani, na hewa imejaa unyevu. Vikombe vilivyofinyangwa Jumatatu, Ijumaa bado vina ubaridi ukivigusisha shavuni, na ubaridi huo ndio maji. Msimu huu hata shavu hudanganya. Chombo kikishalingana na unyevu wa hewa huacha kutoa maji, kikaonekana kikavu, kumbe ndani kina akiba. Ukikitia tanurini na kupandisha moto mbio, maji hayo yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya awali. Ukuta wa udongo hauwezi kuhimili hilo, na chombo kikilipuka huumiza na jirani zake. Dawa ni moto mdogo wa nyuzi 80 hadi 90 usiku kucha, mlango wa tanuri ukiachwa upenyo, kisha nyuzi 60 kwa saa mpaka 200. Shika kioo kikavu mbele ya tundu. Kikifanya ukungu, bado.

Ndiyo maana lile swali la kila siku la wafinyanzi, chombo kijengwe kwa mkono au kwa gurudumu linalozunguka, naona limerukia katikati. Mbele yake kuna udongo ulio nao na hewa unayoukaushia. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono, huvipaka uji wa udongo na kuving'arisha bila glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo tanurini. Ladi Kwali wa Nigeria alijifunza gurudumu katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji huo leo unaitwa Suleja), lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa kamba za udongo. Kilichobadilika ni glezi na moto mkali wa tanuri. Mfinyanzi Lucie Rie, aliyehamia London kutoka Vienna mwaka 1938, alikuwa akipaka glezi juu ya chombo kibichi na kuchoma mara moja tu. Njia hiyo ya Rie inaokoa umeme, lakini hapa kwetu ni ya kamari: ukuta mwembamba ukinywa maji ya glezi hulowa upya, na kwa hewa hii kukauka tena ni kazi. Anayeanza na achome mara mbili, ya kwanza nyuzi 950 hadi 1,000.

Sasa chokaa, maana ndiyo inayovunja watu moyo Pwani. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo uliochimbwa karibu, hata uwe laini namna gani mkononi, huenda una punje za matumbawe na makombe. Zikipita nyuzi 800 na kitu, punje hizo hutoa hewa yake na kubaki chokaa ambayo haijazimwa, ile ile waashi wa zamani waliyoipata kwa kuchoma matumbawe. Waashi waliizima kwa maji kabla ya kuitumia. Mfinyanzi hajui kuwa anayo. Chombo hutoka tanurini safi, kinasifiwa, kinauzwa. Baada ya siku nne, au wiki tatu, punje imekunywa unyevu wa hewa, imevimba, na imebandua kipande cha duara mfano wa sarafu. Katikati ya shimo utaona nukta nyeupe. Hiyo ndiyo mwenye kosa, wala si moto.

Pima kabla. Kausha tonge, livunje, dondoshea siki au ndimu. Povu jembamba lililoenea kote halitishi sana, kwa sababu chokaa iliyo laini kama unga haina nguvu ya kubandua. Povu la nukta nukta ndilo baya. Udongo wa namna hiyo usiupondeponde ukadhani umeutibu. Uloweke uwe rojo, uchuje kwa chekecheo lenye matundu ya robo milimita, umwage juu ya bamba la plasta au gunia mpaka ushike, ndipo ukande. Na mchanga wa ufuoni usiutie kabisa, kwani weupe wake mwingi ni makombe na matumbawe. Ukitaka udongo uwe na uti, ponda vigae vya vyombo vilivyokwisha kuchomwa na uchanganye asilimia 10 hadi 20.

Kinachofurahisha ni kwamba chungu cha jadi kilichochomwa uwanjani, penye nyuzi 600 hadi 800, huweza kubeba punje hizo hizo miaka mingi bila kubanduka. Moto wake haukufika pa kuzigeuza.

Chumvi ni jambo fupi zaidi. Maji ya kisima cha kisiwani mengi ni ya munyumunyu, na chumvi husafiri na maji hadi pale yanapotokea kwa kasi: ukingoni na kwenye mkono wa kikombe. Hubaki utandu mweupe unaoharibu mng'aro na kuigomesha glezi. Kinga maji ya mvua.

Ukaushaji wenyewe hautaki haraka wala upepo wa baharini wa upande mmoja. Upande unaopigwa hukauka na kusinyaa mbele ya mwenzake, sahani ikapinda. Funika kwa gazeti kwanza, leso kuukuu juu yake, na plastiki mwisho. Plastiki ikigusa chombo moja kwa moja, jasho lake hudondoka na kulainisha ukingo. Bakuli ligeuze kifudifudi mara ukingo unapojishikilia. Udongo unaosinyaa asilimia 12 kwa jumla unataka kikombe cha sentimita 11.4 ili upate 10. Ufa wa mfano wa S kitakoni haukutokana na hewa. Kitako hakikugandamizwa gurudumuni.

Kwa anayetaka mng'aro bila glezi: lita 3.5 za maji, kilo 1.5 za udongo mwekundu mkavu uliosagwa, gramu 7 za silikati ya sodiamu, dawa inayotenganisha punje za udongo majini. Koroga, acha bila kutikisa kama saa 20, kisha vuta kwa mpira wa maji tabaka la kati tu. Lita moja yake ikiwa na uzito wa gramu 1,150 hivi, iko sawa. Paka mara tatu juu ya chombo kikavu, sugua kwa kokoto au mgongo wa kijiko. Ukivuka nyuzi 1,000 mng'aro hufifia. Ukitaka weusi, kichome tena ndani ya pipa lililozibwa, kimezungukwa na unga wa mbao: moto ukikosa hewa hunyang'anya chuma kilichomo udongoni oksijeni, na wekundu hugeuka mweusi. Vifuu vya nazi hutoa joto kali. Makumbi hutoa moshi zaidi ya moto, kwa hiyo yaje mwisho.

Chombo hicho usikipakulie mchuzi, kitaunywa. Ni cha maua, ubani au maji. Na hata mtungi wa maji hupoza kwa kuvuja na kukauka nje, kwa hiyo msimu huu maji yake hayatakuwa baridi kama ya wakati wa kaskazi, hata ungeuchoma kwa ustadi gani.